Mmoja Ameingia Ndani

2 Februari

Leo nimeanza kuhesabu vipepeo, mimi Rahila, mstaafu wa wizara, mwenye sukari na magoti mabovu. Majirani zangu hapa Mawaleh, Maskati, wakiniona nimesimama juani nyuma ya nyumba, macho hewani, watasema bibi kamaliza akili. Waseme.

Kuna watu wa kujitolea, kutoka Afrika mpaka huku kwetu Oman na juu zaidi, wanaomfuatilia kipepeo mmoja tu: wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe. Baridi ikikatika anapita kwenda kaskazini. Sisi tunamwita msafiri. Kijana anayetuongoza, Wael, ana kiofisi Wattaya juu ya duka la magari, na alituweka kitako kutufundisha. Njia ile ile, wakati ule ule, tembea polepole, hesabu anayepita mbele yako. Aliyeko nyuma si wako. Aliye ndani ya nyumba hahesabiwi. Na usipoona hata mmoja, andika sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Kisha unajaza hali ya hewa kwenye sehemu ya maelezo, na kitone chako kinawaka kwenye ramani, kila mtu akione.

Sasa niseme kweli, maana kuidanganya shajara ni kujidanganya mwenyewe. Sikujiunga kwa ajili ya vipepeo. Binamu yetu Harub alikwenda harusini Unguja akarudi na habari kwamba mdogo wangu Maha, mwalimu wa sayansi, anahesabu vipepeo na wanafunzi wake, na kitone chake kiko pale pale nyumbani kwetu. Mimi na Maha hatujasemezana mwaka wa pili huu. Nilimkataza Harub asinitajie zaidi. Alipoondoka tu, nikaitafuta ile ramani.

Kitone cha kijani. Nilikitazama mpaka simu ikaisha chaji.

5 Februari

Sifuri. Mawingu.

9 Februari

Sifuri. Na Unguja sifuri. Angalau kwa hili mimi na Maha tumekubaliana.

12 Februari

Asubuhi mama ameniuliza tena, "Rahila, miezi mitatu haijatimia tu?"

Mama yangu, Bi Masouda, alikuja Maskati kutibiwa macho. Miezi mitatu, ndivyo nilivyomwambia Maha, anayekaa naye. Siku ya safari, uwanja wa ndege wa Unguja, Maha alinishika mkono akaniambia, "Da Rahila, nnakuazima. Sikupi." Macho yakapona. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka, na mimi sababu sikuzikosa: mara daktari, mara joto, mara tusubiri Mfungo Mosi upite. Mwisho Maha akaniambia kwenye simu kuwa nimemwiba mama. Nami nikamwambia, wewe umekula naye maisha yako yote; mie nilopelekwa kuolewa na miaka kumi na minane, nimekula naye nini? Nikakata simu. Hajapiga, sijapiga. Ukaidi wa baba tuligawana sawa kwa sawa.

Na mama hasikii kwenye simu. Ukimwekea sikioni anaitoa, anaigeuza, anaitazama. "Maha hakai ndani ya kibati," anasema, na anakurudishia.

Leo nimemjibu kama ninavyomjibu kila siku: "Bado kidogo, mama."

16 Februari

Wanne! Walikuja chini chini juu ya vichaka, kila mmoja kivyake, lakini wote upande mmoja, kama watu walioelezwa njia. Nilitaka kupiga kelele.

Narudi ndani, namkuta wa tano kwenye pazia la sebuleni. Mama kakaa wima, macho yanamng'aa. Nabukeera, binti wa Masaka, Uganda, anayenisaidia kumlea mama, amesimama na ufagio mkononi kama aliyegandishwa.

"Asiguswe!" mama kaamuru. "Kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Weka finjani ya ziada."

Nani aliyezaliwa Unguja asiyelijua hilo? Nabukeera akaweka finjani kwenye sinia la kahawa. Na mama, ambaye wiki mbili hizi anadonoa wali kama ndege shore, akamaliza sahani nzima.

"Mgeni gani huyo, mama?"

"Mgeni gani mwengine? Maha."

Nilipojaza hesabu, mkono wangu uliandika wenyewe kwenye maelezo: Jua, upepo mdogo. Mmoja ameingia ndani. Mwenye nyumba anasema mgeni anakuja.

19 Februari

Sita. Lakini sikujali sita wala sitini. Kitone cha Unguja kimewaka, nikakifungua. Idadi: mbili. Maelezo: Joto, mawingu mashariki. Mwenye nyumba anakula?

Nimelia jikoni, nikamwambia Nabukeera ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

23 Februari

Mwingine ameingia ndani, wa tatu huyu. Nimeandika: Anga safi. Anakula akimwona kipepeo tu. Samaki wa huku hamtaki, anasema hawana ladha.

26 Februari

Jibu: Manyunyu. Asipewe wa kukaanga. Apewe wa kupaka, nazi ichujwe mara mbili.

Ati Maha ananifundisha kumpikia mama! Nimeichuja nazi mara tatu.

27 Februari

Mama amekula mpaka akaramba kidole. Kisha akasema, "Huu mkono wa Maha."

Nilitoka nje nikamwagilia mrehani ambao ulikuwa umeshamwagiliwa.

1 Machi

Mwezi umeandama. Ramadhani karimu kwa wote, hata kwa walio mbali na wakaidi.

5 Machi

Wael ametutumia ujumbe sote: maelezo ni ya hali ya hewa pekee, tafadhali, yanawachanganya wanaochambua takwimu. Kijana mwenye adabu, lakini hajui anachokitia mkono.

Jioni kitone cha Unguja: Upepo wa mashariki. Usiku kuna baridi huko? Yule mzee anafunikwa miguu?

Hiyo si hali ya hewa? Nimeandika: Baridi kiasi. Soksi za sufu, jozi mbili.

9 Machi

Maha ameuliza. Nilijua ataliuliza. Mawingu mazito, masika yanakaribia. Lini anarudi?

Nimekaa na swali hilo mpaka adhana ya magharibi, nikafungua kwa tende na maji, nikaswali, ndipo nikajibu: Hali ya hewa ya huku haitabiriki.

Nilijua ninachofanya. Ningeandika mwezi, ningeandika tarehe, mbona tarehe ninazijua. Lakini mama alikuwa amejilaza mapajani mwangu, kichwa chepesi mno, ananiimbia nusu ya wimbo na nusu ameisahau. Nimeukosa uzito huu tangu nilipokuwa msichana. Maha hajui mtu anavyoweza kuwa na miaka hamsini na zaidi na bado akatamani kulelewa.

12 Machi

Kumi na moja. Unguja: mbili. Maelezo: Mvua. Basi, neno moja tu.

16 Machi

Unguja: Mvua.

Nimeandika: Na huyo anayehesabu huko, hajambo?

19 Machi

Maelezo ya Unguja, hakuna kitu. Hata mvua haimo. Amenuna. Basi na mimi nitanuna, ninayo ya kutosha.

20 Machi

Siku ambayo sitaisahau. Upepo uligeuka alfajiri, na kufika saa nne wakaanza kuja. Si wanne, si kumi. Walikuja juu ya ukuta, juu ya magari, juu ya nyaya za umeme, hewa yote ya Mawaleh ikatikisika. Tangu soko la matunda lihame mtaa wetu umekuwa kimya, na leo ulijaa wageni wasio na sauti. Nilihesabu mpaka mia tatu na kitu, nikakosea, nikaanza tena, nikakosea, nikaketi chini na saumu yangu nikacheka.

Nikamtoa mama na kiti chake. Mmoja akatua kwenye ukaya wake, kichwani. Mama hakushtuka.

"Hawa wanatoka kwetu," akasema.

Nilimpigia Wael kumuuliza kama yawezekana. Akaniambia kwa upole kuwa yawezekana na yawezekana isiwe, hakuna anayejua kila mmoja katokea wapi, ndiyo maana tunahesabu. Sikumwambia mama. Kwenye ramani vitone vya Oman nzima viliwaka leo, watu wanapongezana kutoka Sohar mpaka Sur. Mimi niliyetaka kumwambia ni mmoja. Nikafungua sehemu ya maelezo, nikaandika, "Maha, ungewaona." Nikafuta. Nikaandika: Jua.

25 Machi

Leo nimegombana na Nabukeera, na aliyeshindwa ni mimi.

Nilikuwa dirishani. Nikamwona kwenye mirehani, kainama, viganja kavikutanisha kama mtu anayechota maji. Akaingia kwa mlango wa uani. Nikamfuata polepole. Mbele ya chumba cha mama akafungua viganja, kipepeo akaruka ndani, na mama akaita, "Finjani!"

Kumbe! Wote wale tangu Februari. Na mimi nimeandika habari zao kwenye ramani ya dunia.

"Nabukeera! Wewe ndiye unayewaingiza?"

"Mama, sorry," akasema. "Mimi naleta. Ile ya kwanza ilikuja yenyewe, wallahi, ya pazia. Lakini zingine mimi. Jajja, bibi yetu huyu, akiona hiyo kipepeo anakula. Asipoona, khalas, anasukuma sahani. Nifanye nini?"

"Unamdanganya mzee."

Akanitazama. Hajawahi kunitazama hivyo. "Mama, mimi nadanganya na kipepeo. Wewe unamwambia bado kidogo."

Nilitaka kumkaripia. Nikaenda kuchuja nazi.

31 Machi, Idi

Nimechoka lakini lazima niandike leo leo, kesho nitalipamba.

Asubuhi nimemvisha mama nguo mpya, ya zambarau, na ukaya mweupe. Nikamfukiza udi. Nawar, binti yangu, alikuja na mumewe kutoka Sohar, tumbo limetangulia mbele kama ngoma, siku zake mwezi wa tano. Harub akaja. Halwa, kahawa, watoto wa jirani wakipita kudai sikukuu yao. Nyumba imejaa, na katikati ya kujaa nikaona kiti cha mama hakina mtu.

Nilimkuta barazani, kwenye kibao karibu na lango. Kavaa buibui juu ya nguo mpya. Viatu vya kutokea, si vya ndani. Mapajani kaweka pochi yake, ile nyeusi aliyokuja nayo kutoka Unguja, na mikono yote miwili juu yake. Pembeni, finjani ya mgeni, na ndani yake kahawa.

"Mama, unafanya nini hapa na jua hili?"

"Nnamsubiri Maha. Akifika tusikae sana, kuna watu wengi ndani, wataanza kuaga na kuaga."

"Mama, Maha hajaniambia kuwa anakuja."

"Vipepeo wameingia wangapi? Wote waongo?" Kisha akaninyooshea mkono, akanishika shavu, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kabla ya kusahau. "Mwanangu. Mie hapa nimekula, nimevaa, nimetibiwa. Umenitunza, Mungu akutunze. Lakini nnataka kufa nikisikia mvua juu ya bati langu. Miezi mitatu haijatimia?"

Nikafungua mdomo kusema bado kidogo. Nimelisema kila siku kwa miaka, na leo sikulisema.

"Imetimia, mama," nikasema. "Imetimia zamani."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ngapi. "Nilikuwa nnahisi," akasema, na hakunyanyuka kwenye kile kibao mpaka adhuhuri. Nilikaa naye. Wageni walituaga hapo hapo langoni.

6 Aprili

Ofisi zimefunguliwa. Ningeweza kumpigia simu Maha, namba ninayo kichwani. Lakini mtu aliyenuna huwezi kumrukia tu, kwanza unatafuta kilichomnunisha. Nikaenda Wattaya kwa Wael, nikitaka anipe maelezo yote ya Unguja tangu mwanzo, niyasome tena, nione wapi nimemchoma.

Wael akaona haya. Akanisimulia, kwa Kiarabu, kwamba tangu katikati ya Machi anayasafisha maelezo. Yote yasiyo ya hali ya hewa anayafuta kabla hayajaonekana, na palipotajwa hewa anaacha neno moja. Hajui Kiswahili, anayapitisha kwenye programu ya kutafsiri. "Yako yalikuwa mengi, mama," akasema. "Na ya yule mwalimu wa Unguja yalikuwa mengi kuliko yako."

"Mengi? Baada ya tarehe kumi na mbili?"

"Kila wiki."

"Yarudishe."

"Hayarudi. Nisamehe." Akafikiri. Masikini, alitaka kunipa chochote. "Ujumbe mmoja naukumbuka kwa sababu uliniuma hata mimi. Aliuliza kama mama yenu bado analala ubavu wa kulia, na kama wewe una mtu wa kukusaidia kumgeuza usiku, au unaumia mgongo peke yako."

Maha aliuliza kuhusu mgongo wangu.

Na mimi nilikuwa nimenuna. Na yeye, ambaye pia alinikuta nimeandika "Jua", naye atakuwa amenuna. Watu wazima wawili, wenye simu mbili nzuri, wameuacha mdomo wakautegemea upenyo wa kuandikia upepo. Hata nyanya yetu, ambaye hakujua kusoma, asingefanya ujinga huu.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilipiga ndani ya gari, mbele ya magari mapya yanayong'aa. Iliita mara moja.

"Da Rahila?" Sauti ilikuwa ndogo. "Mama kafa?"

Hilo ndilo nililomfanya mdogo wangu alibebe muda wote huu. Kwamba jina langu likitokea kwenye simu yake, ni msiba.

"Mzima," nikasema. "Mzima, Maha, mzima. Anakula. Kavaa zambarau Idi."

Akalia, nami nikalia, na mlinzi wa duka la magari akaja kugonga kioo kuuliza kama naumwa.

"Mbona ulininyamazia?" Maha akauliza.

"Wewe ndiye uloninyamazia."

"Mie? Nimekuandikia mpaka vidole vinauma!"

Nikamweleza. Nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho baba alikuwa akikichukia. Alipomaliza kucheka nikasema kabla ujasiri haujanitoka:

"Njoo umchukue. Uliniazima."

"Na wewe?"

"Mie Nawar anajifungua mwezi wa tano. Nani atamlea arubaini yake?"

"Sikukuuliza Nawar. Nimekuuliza wewe."

"Njoo, Maha," nikasema. "Usinichimbe."

9 Aprili

Kumi na tatu. Wanapungua. Nimefungasha soksi za sufu kisha nikazitoa. Atazifanyia nini Unguja?

12 Aprili

Amefika. Kanenepa, kapata mvi, kavaa miwani. Sikumwambia mama, niliogopa ndege isije ikaahirishwa nikawa nimesema uongo mwengine. Maha aliingia sebuleni, akasimama mbele yake.

Mama alimtazama juu mpaka chini. "Umechelewa," akasema. "Kahawa imepoa."

Kisha akaimwaga ile finjani kwenye bakuli, akamimina ya moto, akamnyooshea. Maha aliinywa akiwa amepiga magoti. Nabukeera alikimbilia jikoni, na safari hii hata yeye hakusingizia vitunguu.

14 Aprili

Tumekwenda kuhesabu pamoja. Tumegombana. Mimi nimeona saba, yeye nane, akasema nilikuwa natazama miguu yangu. Nikamwambia wa nane alikuwa nyuma yetu, na wa nyuma hahesabiwi. Akasema, "Da Rahila, watu wakikutazama watadhani sheria umeitunga wewe." Tumeandika saba na nusu. Wael akafute akitaka.

Njiani kurudi alinishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho. Labda tulikuwa tunavuka barabara kwenda chuoni kusoma Kurani.

16 Aprili

Wameondoka asubuhi.

Uwanjani mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, pochi mapajani, mchangamfu, anawasalimia hata askari. Mlangoni akanigeukia. Nilidhani atalia. "Wewe unabaki?" akauliza, kama anayeshangaa mtu kukataa chakula.

"Nabaki kidogo, mama."

"Basi usikae sana."

Nilimwinamia, nikaweka pua yangu kwenye ukaya wake, udi na mafuta ya nazi, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Maha alinisubiri. Hakunihimiza hata kidogo. Nilipoachia, alinong'ona, "Nna deni lako la shukrani, dada." Nikamwambia aende zake kabla sijabadilisha nia.

20 Aprili

Sifuri.

Nabukeera amepika wali wa watu watatu kwa mazoea.

23 Aprili

Sifuri. Joto limeshaingia. Chumba cha mama nimekifunga, kisha nikakifungua, nikaacha mlango wazi. Najikuta saa za kumgeuza naamka, namgeuza nani, najigeuza mwenyewe. Sina wa kumlaumu. Ingekuwa nafuu ningekuwa naye.

27 Aprili

Wael ametuandikia kwamba msimu umefungwa leo, ahsanteni, hesabu za mwisho zitumwe. Nikaenda njia yangu yote. Sifuri. Mrehani umetoa maua na hakuna wa kuyatembelea.

Niliporudi nikafungua ramani, kwa mazoea, ingawa siku hizi Maha nazungumza naye kwa simu kila asubuhi. Kitone cha Unguja kilikuwa kinawaka. Idadi: sifuri. Maelezo: Mvua kubwa juu ya bati. Mmoja ameingia ndani. Nimemuingiza mwenyewe kwa mikono yangu. Mwenye nyumba amesema mgeni anatoka Maskati, na ameweka finjani.

Wael hakuwa amefuta hata neno.

Nimekaa barazani, kwenye kile kibao karibu na lango, nikaandika ya kwangu ya mwisho. Idadi: sifuri. Maelezo: Joto, hakuna upepo. Mwambieni asiiondoe finjani. Arubaini ya Nawar ikitoka tu, naja.